Tangi la Aksoloti Wako wa Kwanza: Tayarisha Maji Kabla ya Mnyama

Wazo la kufuga aksoloti huanza na uso wake: mdomo mpana unaoonekana kutabasamu, macho madogo yasiyo na kope, na matamvua sita yaliyochanua shingoni kama manyoya mekundu. Watoto humwona kwenye michezo ya kompyuta, watu wazima humwona kwenye video, na kabla wiki haijaisha kuna tangi sebuleni na mnyama ndani yake. Kosa liko hapo. Tangi lililonunuliwa jana haliwezi kumtunza mnyama aliyenunuliwa leo.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Aliyeniuzia aliniambia niache maji yalale usiku mmoja, asubuhi nimtie. Kufika siku ya kumi matamvua yalikuwa yamenyauka, yamebaki vishina vifupi vya rangi ya majivu, na aksoloti amelala kwenye kona hamjali hata nyungunyungu anayejinyonganyonga mbele ya pua yake. Alipona, na nitaeleza mwishoni alivyopona. Lakini wiki sita za kuandaa maji mapema zingemwepusha na mateso yote yale, ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye tangi lisilo na mnyama.

Mjue kidogo kabla ya kununua chochote. Aksoloti si samaki, ni salamanda, yaani amfibia (mnyama wa kundi la vyura) mwenye mkia. Salamanda wengi huanza maisha majini wakiwa na matamvua, kisha hubadilika na kutoka majini kwenda nchi kavu, kama kiluwiluwi anavyogeuka chura. Aksoloti kwa kawaida habadiliki. Hukua, huzaa na kuzeeka akiwa na umbo lile la utotoni, humohumo majini, hivyo maji yakiharibika hana pa kukimbilia. Hufikia sentimita 20 hadi 30, na akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15. Kwao ni Meksiko. Porini amebaki kwenye mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Mexico City, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na huko yuko hatarini kabisa kutoweka. Wanaouzwa kwa wafugaji ni wa kuzalishwa matangini. Biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuna mahali ambapo kumfuga ni marufuku, kwa mfano jimbo la California huko Marekani. Uliza sheria ya unapoishi kabla ya kuagiza.

Hatua ya 1: Pima joto la chumba kwa wiki nzima

Kabla ya tangi, nunua kipimajoto. Jaza ndoo maji, iweke palepale unapotaka tangi likae, tumbukiza kipimajoto, na usome mara mbili kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Andika. Fanya hivyo siku saba, na kama unaweza, chagua wiki ya joto.

Aksoloti anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Nyuzi 20 anazivumilia. Zikipita 22 mwili wake unaanza kuhemewa: hamu ya chakula inapungua, kinga inashuka, ukungu unapata nafasi kwenye matamvua. Nyuzi 24 na zaidi ni dharura. Jambo la kukumbuka ni kwamba maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na mwili wenye joto unahitaji oksijeni nyingi zaidi, kwa hiyo mnyama anabanwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Sasa tazama karatasi yako. Kama namba ya alasiri haikuzidi 19, una bahati, endelea. Kama ni 20 hadi 23, feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji inaweza kukuokoa, kwa sababu maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto, na tangi hushuka nyuzi 2 hadi 4 hivi. Ila feni hufanya kazi vibaya penye hewa yenye unyevu mwingi, na maji hupungua haraka, itabidi uongeze mara kwa mara. Kama ndoo yako inasoma 26 au 28 siku baada ya siku, unahitaji mashine ya kupoza maji ya tangi, ile inayofanya kazi kama friji. Ni ghali na inakula umeme. Kama huwezi kuipata, ushauri wangu ni usimfuge mnyama huyu. Nasema hivi nikijua kwamba watu wengi hawapendi kuusikia. Chupa za barafu husaidia siku moja mbaya, si maisha ya miaka 12, kwani maji yanayopanda na kushuka kutwa humchosha karibu sawa na joto lenyewe.

Hatua ya 2: Tangi, na mahali litakapokaa

Aksoloti ni mnyama wa chini. Hutembea sakafuni, hulala sakafuni, hula sakafuni. Kwa hiyo tafuta tangi refu na pana, kimo kisikusumbue. Kwa mmoja, kiwango cha chini kinachotajwa sana ni lita 75. Kinafaa, lakini mimi ningeanza na lita 110 na kuendelea, kwa sababu maji mengi huchelewa kuchafuka na huchelewa kupata joto, na mfugaji mgeni anahitaji muda huo wa kugundua makosa yake. Tangi la sentimita 90 kwa 45 likijazwa hadi kimo cha sentimita 35 lina lita 140 hivi.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hizo ni kilo 140 kabla hujahesabu kioo, na meza ya kawaida ya sebuleni haikutengenezwa kwa mzigo huo. Tumia stendi imara, hakikisha kwa pimamaji kwamba haijainama upande wowote, na iweke mbali na dirisha la jua, jiko na nyuma ya friji. Tangi lililotumika si vibaya. Lijaze maji nje kwa siku nzima uone kama linavuja, kisha lisugue kwa siki iliyochanganywa na maji na kulisuuza mara kadhaa. Sabuni isiguse kitu chochote kitakachoingia humo, wala ndoo, wala sifongo. Ngozi ya amfibia hunyonya vilivyomo majini.

Mfuniko ni lazima. Aksoloti anaonekana mzembe, lakini akishtuka huruka, na aliyeanguka sakafuni usiku hukutwa asubuhi amekauka. Acha pia sentimita 5 kati ya maji na ukingo.

Hatua ya 3: Sakafu ya tangi

Usiweke kokoto. Usiweke changarawe, hata ile ya rangi nzuri, hata iliyoandikwa kwamba ni salama kwa samaki.

Aksoloti hang'ati chakula, hukivuta. Hufungua mdomo ghafla, na maji yote yaliyo mbele yake huingia pamoja na chochote kilichomo. Akikosea nyungunyungu kwa sentimita moja, atameza kijiwe. Kijiwe hicho kinaweza kuziba utumbo. Kanuni ninayoitumia: kila kitu kilichomo tangini kiwe kikubwa kuliko kichwa chake, au laini kama chumvi ya mezani. Cha katikati ya hapo kisiingie.

Aksoloti aliye chini ya sentimita 15 mweke kwenye sakafu tupu ya kioo. Akishapita hapo unaweza kumwekea mchanga laini kabisa, ulioosha mpaka maji ya kuoshea yakatoka safi. Mchanga humpa mahali pa kukanyagia bila kuteleza. Lakini sakafu tupu si aibu. Kinyesi huonekana mara moja na kutolewa mara moja, na kwa miezi ya kwanza hilo ni faida kubwa kuliko urembo.

Hatua ya 4: Maficho, mimea, taa

Kwa kuwa hana kope, hawezi kufumba macho mwanga ukimuudhi. Mpe angalau maficho mawili, moja kila upande: chungu cha udongo kilicholazwa, kipande cha bomba pana la plastiki, pango la mawe yasiyoweza kuporomoka. Mlango uwe mpana kumpitisha akiwa mtu mzima wa sentimita 30, si alivyo leo. Chukua soksi ndefu ya nailoni uipitishe kwenye kila ukingo. Ikikwama popote, hapo patamchana. Mawe yadondoshee siki. Yakitoa povu yana chokaa na yatabadilisha maji, yaache. Chochote chenye shaba kikae mbali, kwani shaba ni sumu kwake.

Mimea mizuri ni ile isiyodai joto wala mwanga mwingi: anubia (Anubias), kangaga wa Java (Java fern), na mosi wa Java (Java moss). Ifunge kwenye mawe makubwa au magogo kwa uzi, maana ikipandwa mchangani itang'olewa na miguu yake. Taa iwe hafifu, au usiweke kabisa.

Hatua ya 5: Chujio lisilopuliza

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa ndilo ningempa kila anayeanza. Halina mkondo mkali, haliwezi kumvuta mguu, na sponji yake ni nyumba nzuri ya bakteria ambao nitawazungumzia sasa hivi. Kwa tangi la lita 110 na zaidi weka mawili. Likiharibika moja, la pili linabaki na kazi.

Chujio kubwa la nje nalo hufaa kwa kuwa aksoloti huchafua sana, ila maji yanayorudi yapitishe kwenye bomba lenye matundu mengi, ukilielekeza kwenye kioo. Mkondo ukizidi, mnyama mwenyewe atakuambia. Matamvua hukunjika kuelekea mbele na ncha ya mkia hujikunja kama ndoano, siku nzima.

Hatua ya 6: Kukomaza tangi, wiki 4 hadi 8

Sasa jaza maji. Maji ya bomba yana klorini, mara nyingine kloramini. Klorini hupotea maji yakikaa wazi kwa muda, lakini kloramini haiondoki kwa kulaza maji usiku kucha, na huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa macho. Nunua dawa ya kuondoa klorini na kloramini kwenye maji ya matangi, isiyochanganywa na mshubiri wala iodini, na uitumie kila mara, kwa kila ndoo, miaka yote.

Washa chujio. Weka kipimajoto. Na mnyama bado yuko kwa mzalishaji wake.

Kinachofuata ndicho kiini cha kazi yote. Aksoloti hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na mabaki ya chakula pia huoza yakawa amonia. Amonia huunguza matamvua. Ndiyo iliyomchoma wangu. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili la bakteria huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mnyama huivumilia ikiwa kidogo na wewe huitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huishi kwenye sponji, kwenye vioo, kwenye mawe. Tangi jipya halina hata kundi moja. Kulikomaza tangi ni kuwalisha mpaka wazaliane na kutosha.

Utahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni amonia safi, isiyo na manukato wala sabuni. Ukitikisa chupa na povu likabaki juu, hiyo ina sabuni, irudishe. Cha pili ni seti ya vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH (kipimo cha asidi ya maji). Vile vijikaratasi vya kuchovya ni vyepesi kutumia lakini havina uhakika, na hapa unahitaji uhakika.

Tia amonia kidogokidogo ukipima, mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Subiri. Pima kila baada ya siku moja au mbili. Siku za mwanzo hakuna kinachotokea, na ni kawaida kukata tamaa. Maji yanaweza kupata ukungu mweupe kama yaliyotiwa tone la maziwa. Yaache, yatasafika yenyewe.

Kisha jioni moja unajaza kile kichupa cha kioo, unahesabu matone, unafunga, unakitikisa, unasubiri dakika tano huku umekishika mbele ya karatasi nyeupe. Rangi ya amonia, iliyokuwa kijani kwa siku kumi mfululizo, imefifia kuelekea manjano. Unapima nitriti, na pale palipokuwa na buluu nyepesi panageuka zambarau kabla hata hujamaliza kutikisa. Kundi la kwanza limefika. Ongeza amonia tena hadi 2 kila inapoisha, uendelee kuwalisha.

Zambarau hiyo itakaa. Wiki mbili, pengine tatu, haipungui, na hapo ndipo wengi huharibu kazi kwa kumleta mnyama wakidhani vipimo vimeharibika. Nitriti ikizidi 5 badilisha nusu ya maji. Angalia pia pH. Bakteria hawa hula ule ugumu wa maji unaoishikilia pH, na ikishuka chini ya 6.5 kazi yao hudorora. Kubadilisha sehemu ya maji huiinua tena. Usizime chujio, usioshe sponji.

Njia za kuharakisha zipo mbili ninazoziamini. Moja ni kuomba sponji chafu kutoka tangi lililokomaa la mtu unayemwamini, lisilo na ugonjwa, na kuibana kwenye chujio lako. Ya pili ni joto: bakteria huzaliana upesi maji yakiwa na nyuzi 26 au 27 kuliko yakiwa 17, hivyo katika wiki hizi tangi tupu linaweza kuwa na joto bila madhara. Likishakomaa lishushe taratibu hadi 17, ulilishe amonia siku kadhaa zaidi na kupima tena, kwa kuwa kwenye baridi bakteria hufanya kazi polepole.

Utajua limekomaa hivi: unatia amonia hadi miligramu 2 leo jioni, na kesho jioni amonia ni 0 na nitriti ni 0. Rudia siku mbili nyingine. Namba zikibaki hivyo, badilisha maji mengi, hata robo tatu ya tangi, kuishusha nitrati chini ya 20. pH ya 7.4 hadi 7.6 ndiyo nzuri zaidi, ingawa kati ya 6.5 na 8 anaishi. Usiifukuzie namba kamili kwa dawa. pH isiyoyumba ni salama kuliko pH nzuri inayopanda na kushuka.

Hatua ya 7: Kumchagua na kumleta

Chukua mmoja. Wadogo hung'atana miguu na matamvua, na wakubwa wa kiume na wa kike wakikaa pamoja utapata mayai mamia kadhaa kwa mara moja. Samaki pia wasiingie. Watadonoa matamvua, au wataliwa, na wengine wana miiba inayokwama kooni.

Usichukue kitoto cha sentimita 4 kwa sababu kinavutia. Aliyefikia sentimita 8 au 10 ameshavuka kipindi kigumu na anakula vyakula vikubwa. Tazama kama matamvua yamechanua, miguu yote minne ipo, tumbo limejaa bila kuvimba, na analala sakafuni bila kuelea kichwa chini. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Asiyekula mbele ya muuzaji mwache.

Nyumbani, acha mfuko au chombo chake kielee juu ya maji ya tangi kwa dakika 20 joto lilingane. Kisha kila baada ya dakika 10 ongeza nusu kikombe cha maji ya tangi, kwa muda wa saa moja. Mhamishe kwa chombo laini au kwa mikono iliyoloweshwa na isiyo na mafuta wala sabuni, kwani nyavu za kawaida hunasa vidole na matamvua. Maji aliyokuja nayo yamwage nje ya tangi. Zima taa. Mwache. Siku ya kwanza asilishwe, na akikataa kula siku mbili tatu usimhangaikie.

Chakula

Nyungunyungu wakubwa ndio chakula bora, kikiwa peke yake kinatosha kumlea mtu mzima. Wachukuliwe mahali pasipopuliziwa dawa ya wadudu wala mbolea ya viwandani, wasuuzwe, na kwa aliye mdogo wakatwe vipande visivyozidi upana wa kichwa chake. Wale wekundu wa kwenye mboji hutoa majimaji machungu, na wengi huwatema. Tembe za kuzama zenye protini nyingi ni akiba nzuri. Samaki wadogo wa kulisha usiwatumie, huja na vimelea.

Mdogo ale kila siku, mtu mzima mara mbili au tatu kwa wiki. Kisichoguswa baada ya nusu saa kitolewe.

Mshike nyungunyungu kwa koleo ndefu yenye ncha butu na umtikise taratibu mbele ya pua. Macho ya aksoloti ni dhaifu, anategemea harufu na mtikisiko wa maji. Kwanza kichwa hugeuka kidogo. Mguu mmoja wa mbele hunyanyuka na kubaki hewani, vidole vinne vimetanuka. Anasita muda mrefu hadi unadhani amesahau. Halafu mlio mdogo kwenye maji, na nyungunyungu ametoweka nusu, ncha yake ikichezacheza nje ya ule mdomo unaotabasamu. Mara ya kwanza nilipoona hivyo baada ya wangu kupona, nilikaa chini pale mbele ya kioo nikashindwa kuondoka.

Kazi ya kila siku na ya kila wiki

Kila siku soma kipimajoto na toa kinyesi. Bomba kubwa la sindano lisilo na sindano hukivuta vizuri bila kutibua maji.

Kila wiki pima, kisha toa asilimia 20 hadi 30 ya maji kwa mpira wa kunyonyea ukipitisha mdomo wake sakafuni. Maji mapya yawe yametiwa dawa na yawe na joto lilelile la tangini, kwenye ndoo isiyofanya kazi nyingine yoyote nyumbani. Nitrati ikipita 20 kabla ya wiki kwisha, ongeza kiasi unachobadilisha. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba, maana klorini itaua bakteria uliowangoja wiki zote zile. Ukiwa na machujio mawili, safisha moja wiki hii, la pili baada ya wiki mbili.

Feni ikipunguza maji, yale ya kuongezea nayo yanatiwa dawa. Na kuongezea hakuhesabiki kama kubadilisha, kwa sababu mvuke huondoka ukiacha uchafu nyuma.

Dalili mbaya, na beseni

Matamvua yaliyokunjika mbele, ncha ya mkia kama ndoano, nyuzi nyeupe kama pamba kwenye matamvua au vidonda, kuelea asiweze kushuka, kukataa chakula zaidi ya wiki, kukimbiakimbia akigonga vioo. Ukiona lolote kati ya haya, usikimbilie dawa. Soma joto kwanza. Pima amonia na nitriti pili. Mara nyingi sababu iko hapo. Dawa nyingi za samaki zina shaba au vitu vingine vinavyopita kwenye ngozi yake na kumwua, hivyo zisitumike bila daktari wa mifugo anayewajua amfibia.

Kama maji ndiyo mabaya, mtoe. Wangu nilimweka kwenye beseni pana la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa, maji yakimfunika vizuri, kipande cha bomba ndani ajifiche. Kila jioni niliandaa beseni la pili: maji mapya, dawa ya kuondoa klorini, joto lilelile. Nikamhamisha, nikamwaga lile la kwanza lote, nikalisuuza. Asilimia 100, kila siku, kwa wiki tano, huku tangi likiendelea kukomazwa bila yeye. Katika wiki ya pili alikula kipande cha kwanza. Katika wiki ya tatu, ukimulika kwa pembeni, uliona vinyuzi vyekundu vinachipua kwenye vile vishina vya kijivu, kwa kuwa aksoloti ana uwezo wa kuotesha upya matamvua, mkia, hata mguu mzima, akipewa maji safi na baridi.

Kwa hiyo nunua mabeseni hayo mawili siku unayonunua tangi. Yasuuze, yakaushe, yaweke chini ya stendi pamoja na chupa ya dawa ya kuondoa klorini na seti ya vipimo, na usiyafulie nguo.